Nairobi mpaka New York ni mbali kiasi gani? Kilomita pekee hazitoshi

Kwetu mimi ndio mtu wa tiketi. Mtu akipata viza, hata kabla hajaambia jirani, ananipigia simu, na swali la kwanza huwa ni lile lile, ni mbali aje na ni masaa mangapi. Hii ilianza dada yangu alipoenda kuishi New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York, na mama yetu anakaa Limuru, na mtu wa kumpeleka na kumrudisha nikawa mimi. Basi sai shangazi, watoto wa mjomba, watu wa kanisa, wote wakitaka kusafiri wananitafuta. Nimeona niandike haya yote mahali pamoja juu yale majibu watu wanapata kwa intaneti ni ya ukweli, lakini hayamsaidii mzee wa miaka sabini na kitu ambaye ndiye anaenda kukaa kwa hicho kiti.

Ukitafuta Nairobi na New York utaambiwa ni kama kilomita 11,850. Hiyo ni ule mstari mfupi kabisa, kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka JFK, ule wa New York. Dada yangu siku hizi anahesabu kwa maili, yeye atakwambia ni 7,360 hivi, na marubani nao wana maili zao za baharini, kila moja ni mita 1,852, kwao ni kama 6,400. Safari ni ile ile. Sasa watu wanachukua hizo kilomita wanagawanya na mwendo wa ndege, na ndege kubwa ikishatulia huko juu inaenda kama kilomita 900 kwa saa, wanapata masaa 13 na kidogo. Wanafurahi. Halafu tiketi inakuja imeandikwa masaa 15 na wananipigia tena kuniuliza hayo mengine yametoka wapi.

Mengine yametoka kwa upepo. Huku kwetu karibu na ikweta hausikii sana, lakini ndege ikishapanda kaskazini, kule juu mita elfu kumi na zaidi, kuna upepo unatoka magharibi kwenda mashariki na una nguvu kweli kweli, na wakati wa baridi ya huko unazidi. Ukienda New York unakutana nao uso kwa uso. Ukirudi unakusukuma kutoka nyuma, ndio maana kwenda ni kama masaa 15 na kurudi ni kama 14 na viwanja ni vile vile viwili. Ongeza ule muda ndege inatembea chini kabla iruke na baada ya kutua, ongeza kwamba rubani hafuati mstari wa ramani kama reli, anaenda mahali upepo na hali ya hewa na ruhusa za nchi za watu zinamruhusu. Mtu akikupa masaa ya kugawanya kwa kikokotoo, jua hayo ni masaa ya mahali hakuna upepo.

Hiyo ya masaa 15 ni ile ndege ya moja kwa moja. Haikuwepo zamani. Kenya ilipata kibali cha daraja la kwanza kutoka kwa Wamarekani, kile cha usalama wa anga, Februari 2017, na Kenya Airways wakaanza safari ya New York tarehe 28 Oktoba 2018 na zile Boeing 787 zao. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ushuke mahali, Ulaya au Uarabuni au Addis, na bado watu wengi wanapita huko juu mara nyingi bei inakuwa nafuu.

Sasa hapa kwa kupita njiani ndio ningeomba watu waangalie vizuri kabla walipe. Nairobi mpaka Amsterdam ni kama kilomita 6,700, Amsterdam mpaka New York kama 5,850, ukijumlisha unapata 12,500 na kitu. Yaani umeongeza kilomita mia saba hivi tu, kwa safari ya namna hiyo si kitu, Ulaya iko karibu na njia. Lakini chukua Doha. Nairobi mpaka Doha ni kama 3,400, halafu Doha mpaka New York ni karibu 10,800, hiyo ni zaidi ya 14,000, juu umeanza kwa kwenda kaskazini mashariki, kisha unarudi nyuma kuelekea magharibi kwenye ungeenda tangu mwanzo. Na ile ndege ya pili peke yake ni karibu ndefu kama safari yote ya moja kwa moja. Mtu anaona tiketi imekatwa vipande viwili anadhani atapumzika katikati, kumbe kipande cha pili ndicho kizito, na anakipanda akiwa ameshachoka.

Kwa kijana sina shida. Una miaka 28, una begi moja la mgongoni, pita Doha, pita Addis, okoa pesa yako ununue koti. Kwa mzazi mimi husema tulipe ile ya moja kwa moja hata kama ni kuchanga, na huwa nasema hivyo kwa sauti kwa mkutano wa familia, juu shida ya mzee si kilomita. Shida ni kuamshwa saa nane ya usiku mahali hajui, atembee kumbi ndefu na miguu imefura, asome ubao wa milango ambao maandishi yanabadilika akisoma, avue viatu tena kwa ukaguzi, halafu akae kwa kiti cha chuma masaa matano. Kitu kingine ambacho watu hawajui, ile huduma ya kusukumwa na kiti cha magurudumu huombwa kwa shirika la ndege mapema, wakati wa kukata tiketi, na hailipishwi. Si lazima mtu awe hawezi kutembea. Mama hutembea vizuri, anapanda milima ya Limuru na mzigo wa nyasi, lakini kumbi za eapoti ni kitu kingine na tulimwombea.

Kuna jambo moja la ramani ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria mpaka tukakaa nalo usiku mzima. Kwa kile kiti mbele kuna skrini na kuna ramani yenye kindege kidogo kinasonga, na mama hakutaka sinema, alitaka hiyo ramani tu. Mama huniita baba, juu nimepewa jina la babake. Ndege ikaruka, tukavuka Uganda, tukaingia Sudan Kusini, yeye akalala kidogo. Akaamka.

"Baba, hapa ni wapi sasa?"

"Ni Chad, mama."

Akaangalia skrini, akaangalia dirisha, nje hakuna hata taa moja. Akala kitu, akasali kidogo, akafunga macho, akafungua. Niger. Baadaye Algeria. Algeria haikuisha. Alikuwa anauliza "bado ni Algeria?" na mimi nasema bado, na si ati alikuwa analalamika, alikuwa anashangaa kabisa, juu alikuwa anangoja bahari. Kwa kichwa chake, na kwa changu pia, safari ya Marekani ni bahari. Kumbe ukifuata ule mstari mfupi, kutoka Nairobi mpaka pwani ya Morocco ni kama kilomita elfu sita, zaidi ya nusu ya safari yote, na bado hujatoka Afrika. Atlantiki ndio sehemu fupi.

Nikaja kuelewa ni ile ramani ya ukuta wa darasa ilitudanganya sote. Ile inavuta nchi za kaskazini zinakuwa kubwa na sisi wa katikati tunabaki wadogo, mpaka Greenland inaonekana inatoshana na Afrika, na Afrika inaizidi kama mara 14. Sasa hivi mtu akiniuliza New York ni mbali aje namwambia kwanza vuka Afrika kwa mshazari, hiyo ndio nusu ya kwanza. Hapo anaelewa kuliko nikimtajia elfu kumi na moja mia nane.

Swali lingine ambalo watu wanauliza na linastahili jibu zuri ni kwa nini tunaondolewa usiku wa manane, wazee wakiwa wamechoka. Sehemu ya jibu iko kwa ardhi ya Nairobi yenyewe. JKIA iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, na mabawa na injini zote zinategemea hewa nzito. Ndege inayoenda masaa 15 inabeba mafuta mengi sana, ni nzito kuliko siku zote, sasa ukiiambia iruke saa nane mchana kwa joto itabidi iache kitu, ama abiria ama mizigo. Usiku kukiwa na baridi hewa inashikana na inaweza kuinuka na mzigo wake. JFK iko kando ya bahari, karibu sawa na maji, kwa hivyo ile ya kurudi inaweza kutoka saa sita mchana bila taabu. Nilipomweleza mama akasema basi wasituombe msamaha kwa usiku, ni baridi yetu inatusaidia kupanda. Kweli kabisa.

Huo usiku lakini una mtego. Ndege za masafa marefu nyingi hapa kwetu zinaondoka karibu na usiku wa manane, zingine kabla, zingine baada, na tiketi inaandikwa kwa saa za kizungu. Ikiandikwa 23:25 hiyo ni saa tano na dakika 25 usiku wa tarehe hiyo hiyo, hapo hakuna neno. Ikiandikwa 00:40 tarehe 15, basi unatakiwa uwe eapoti jioni ya tarehe 14, juu tarehe 15 inaanza saa sita usiku na wewe unafaa kuwa umefika masaa matatu kabla. Kuna familia naijua ilifika na magari matatu, nguo nzuri, maombi yamefanywa, jioni ya tarehe iliyoandikwa, na ndege ilikuwa imeenda usiku uliopita. Tangu nisikie hiyo, kila tiketi ikitoka naandika kwa karatasi kwa Kiswahili cha kawaida, "Jumanne jioni saa mbili tuwe eapoti", na hiyo karatasi ndio inabandikwa kwa friji, si tiketi.

Hesabu ya kufika nayo fanya hivi. Tuseme mmeondoka saa tano na nusu usiku. Masaa 15 baadaye Nairobi ni saa nane na nusu mchana. New York iko nyuma yetu masaa 8 wakati wa baridi yao na masaa 7 wakati wa joto, juu wao wanasogeza saa zao Machi na wanazirudisha Novemba na sisi hatusogezi kitu, kwetu jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Kwa hivyo wakati wa baridi utatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa karatasi inaonekana umesafiri masaa saba, umelala umeamka umefika. Mwili wako haujui karatasi. Kwa mwili ni mchana umeenda, hujalala vizuri, na mbele yako kuna siku nzima ya kuchekelewa na wajukuu.

Dawa ndio kitu nilikuwa na wasiwasi nacho kuliko ndege. Mama anameza dawa ya presha kila asubuhi. Sasa asubuhi ya wapi? Tulienda kwa daktari wake kabla ya safari na tiketi mkononi, tukamuuliza hilo swali moja, akatupangia, njiani abaki na saa za Nairobi, akifika asogeze pole pole kwa siku chache alivyoelekeza. Mtu mwingine ataambiwa tofauti kulingana na dawa yake, wa sukari na sindano hasa, kwa hivyo msichukue yetu, nendeni na tiketi kwa daktari wenu. Ile saa yake ya mkono hatukuigusa safari nzima, ilibaki ya Limuru, na simu yangu ndio ikawa ya New York. Dawa zikakaa kwa mkoba wa mkononi ndani ya pakiti zake na cheti cha daktari, hakuna hata moja iliingia kwa sanduku la chini. Sanduku likichelewa siku mbili unaweza kuazima nguo. Dawa ya presha huwezi azima kwa mtu.

Watu pia wananiambia mzee wa presha hawezi kule juu hewa haitoshi. Ukweli ni kwamba ndani ya ndege hewa hujazwa, na kwa hizo 787 hujazwa mpaka inakuwa kama umesimama mahali pa mita 1,800 hivi, ndege nyingi za zamani ni kama mita 2,400. Limuru ni zaidi ya mita 2,000. Kwa hivyo mama yetu akiwa kwa hiyo ndege yuko chini kuliko jikoni kwake. Mtu wa Mombasa ambaye ameishi maisha yake kando ya maji ndiye atasikia tofauti, huyo aulize daktari zaidi. Kinachosumbua wote ni ukavu, midomo inapasuka, na kukaa. Damu ikikaa miguuni masaa mengi inaweza kuganda, hiyo ni hatari ya kweli, kwa hivyo tulichagua kiti cha kando ya njia, soksi za kubana zile daktari alisema, maji kila mara, na kila akiamka tunatembea mpaka nyuma kwa jikoni ya ndege na kurudi. Akikataa kuinuka nilikuwa namwambia akanyage chini vidole halafu visigino, kama anakanyaga cherehani, na hiyo aliifanya bila kuchoka juu cherehani ndio ilitusomesha.

Na bado hatujahesabu barabara. Kutoka Limuru mpaka JKIA mnavuka Nairobi yote, na jioni ya siku ya kazi hakuna mtu anaweza kukuapia masaa. Tangu ile Expressway ifunguliwe 2022 mtu anaweza kupandia Westlands na kushukia karibu na eapoti, unalipa, lakini kwa siku ya ndege mimi nalipa bila kufikiria. Halafu kuna pale kwa geti ya kuingilia eapoti, sisi tulishushwa kwa gari, tukatembea kwa kile chumba cha ukaguzi, gari ikakaguliwa kivyake, tukapandia ng'ambo. Mwambieni mzee mapema asishtuke akishushwa. Tulitoka nyumbani saa tisa mchana. Ukichukua hapo mpaka dada yangu afungue mlango kwake New Jersey, na laini ya uhamiaji ya JFK iko katikati na msongamano wa kuvuka jiji pia, safari ya masaa 15 imekuwa ya zaidi ya siku nzima. Hiyo ndio namba napatia watu siku hizi wakiuliza, mlango mpaka mlango.

Wale wa kuendelea mbele, Minneapolis au Dallas, jueni mizigo yenu mnaichukua wenyewe hapo New York mkishapita uhamiaji, mnapita nayo kwa forodha, halafu mnaikabidhi tena, hata kama Nairobi mliambiwa imeandikwa mpaka mwisho. Ndivyo Marekani hufanya kwa uwanja wa kwanza unaoingilia. Ukimwachia mzazi saa moja na nusu kati ya ndege hizo mbili umemwonea. Achia masaa matatu, manne ni bora.

Kurudi masaa ni machache lakini mwili unalia zaidi. Unatoka huko saa sita na nusu mchana, masaa 14, unatua Nairobi saa nne na nusu asubuhi ya kesho yake, na kwa mwili ni saa nane na nusu ya usiku wa New York. Kwenda magharibi siku inarefuka na mwili unavumilia kuchelewa kulala. Kuja mashariki unaambiwa ulale wakati hauna usingizi na uamke ukiwa katikati ya usingizi, na huchukua siku kadhaa, kwa wazee hata wiki. Mama alikuwa anaamka saa nane usiku anawasha moto anapika chai, ng'ombe wenyewe wanashangaa. Tulimwacha. Mchana tulikuwa tunamtoa nje kwa jua, hiyo ndio inasaidia mwili kujua iko saa ngapi, na usingizi wa mchana tukaukata uwe mfupi.

Ndio maana nilipigania ile tarehe. Ruracio ya binamu yetu, ile sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Jumamosi na mama alikuwa anatua Ijumaa, na yeye ndiye alifaa kuongea kwa niaba ya kina mama wa upande wetu. Wajomba waliona kuna siku nzima ya kupumzika, ni nini tena. Nikawapigia mmoja mmoja nikawaeleza kwamba hiyo saa nne ya asubuhi ya ruracio kwake itakuwa bado ni usiku wa manane, na ataongea kwa sababu ni yeye, lakini ataumia. Wakasogeza wiki moja.